Mzazi, Una Sauti Shuleni

Mzazi unayesomesha watoto hapa Marekani, leo tunazungumzia shule zinazopata fedha za nyongeza kutoka serikali kuu, maarufu kama Title I. Mpango huu ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1965 ili kuwainua wanafunzi wa maeneo yenye kipato cha chini.

Shule hizo zinawajibika kwako. Kila mwaka lazima ziitishe mkutano wa kuwaeleza wazazi haki zao. Lazima pia ziandae, kwa kushirikiana na wazazi, mkataba unaoonyesha wajibu wa shule, mzazi na mwanafunzi. Usome, uulize, utoe maoni. Wilaya ya shule inayopata zaidi ya dola 500,000 za Title I hutakiwa kutenga angalau asilimia 1 ya fedha hizo kwa ajili ya kuwashirikisha wazazi, nanyi mna haki ya kusikilizwa kuhusu matumizi ya kiasi hicho.

Unaweza kuomba kujua sifa za kitaaluma za mwalimu wa mwanao. Tena, mtoto akifundishwa wiki 4 au zaidi mfululizo na mwalimu asiyetimiza masharti ya leseni ya jimbo, shule lazima ikuarifu.

Kiingereza kinakusumbua? Omba mkalimani, hulipi chochote. Usimtwike mtoto kazi ya kutafsiri kikao kinachomjadili yeye mwenyewe.

Wiki hii piga simu shuleni, uliza: "Mkutano wa wazazi wa Title I ni lini?" Kisha nenda, na mwalike jirani yako.