Maharage ya Bibi na Sanduku la Majaribio

Hotuba ya mwanachama wetu, mhasibu anayeishi Dar es Salaam, aliyoitoa katika harambee ya elimu ya mwaka huu



Nimepewa dakika kumi na tano, nami ni mtu wa hesabu, sitazidisha. Nimeombwa nizungumzie masomo ya sayansi katika shule zetu za nyumbani. Mimi si mwalimu wa fizikia wala mkemia. Kwa hiyo yote nitakayowaeleza leo ni mambo ambayo hata mhasibu ameyaweza.

Naanza na deni langu mwenyewe. Nilipofanya mtihani wa kidato cha nne, sisi wa shule zisizo na maabara tulifanya karatasi ya mbadala wa vitendo. Unaulizwa jaribio linafanywaje, unaeleza kwa maandishi, unachora na vyombo. Niliandika kwamba karatasi nyekundu ya litmasi hugeuka buluu ikiingia kwenye besi. Jibu lilikuwa sahihi. Lakini litmasi yenyewe nimeishika kwa mara ya kwanza nikiwa nimevuka miaka arobaini, siku niliyomnunulia binti wa dada yangu. Nilisimama dukani nikaiangalia kile kikaratasi kama mtu aliyeonyeshwa picha ya babu ambaye hakuwahi kumwona.

Huyo binti yuko kidato cha pili huko Karatu. Desemba iliyopita nilipokwenda nyumbani kwa Krismasi, baada ya shikamoo na habari za safari, nilimuuliza masomo yanaendaje. Akasema, "Mjomba, sayansi mimi siwezi. Nakariri tu." Ndugu zangu, neno hilo liliniumiza, kwa sababu nilikuwa nimelisema mimi, kwa maneno hayo hayo, mwaka alipokuwa hajazaliwa.

Jioni ile mama yangu alikuwa amebandika maharage tangu saa nane mchana na bado hayajaiva. Binti akauliza kwa nini bibi akija kwangu Dar es Salaam husema maharage ya huko yanaiva upesi. Nikamwambia alete daftari lake la fizikia. Kwenye daftari ameandika kwa mwandiko mzuri, kwa Kiingereza, kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100. Nikampa kipimajoto, tukakitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayotokota. Kikapanda, kikasimama kwenye 95. Tukaongeza kuni. Maji yakatokota zaidi, kipimajoto kikabaki pale pale. Binti akaniangalia kwa huruma, akasema, "Mjomba, umeuziwa kibovu."

Nawaomba mlitafakari jibu hilo. Mtoto ameona kwa macho yake, lakini ameamini daftari. Hatukumfundisha vibaya kwa makusudi. Hatukumpa nafasi ya kupima hata siku moja.

Kipimajoto hakikuwa kibovu. Karatu mjini tuko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, hewa iliyo juu yako inapungua, mgandamizo wake unapungua, na maji yanachemka kwa joto dogo zaidi, karibu nyuzi moja kwa kila mita 300. Dar es Salaam, pwani, maji huchemka kwenye 100. Karatu ni kama 95. Ukipanda hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,300, ni kama 92. Ukiteremka Ziwa Eyasi, lililo kwenye mita zipatazo 1,030, inarudi karibu 97. Kuni haziwezi kubadilisha hilo. Maji yakishachemka, moto wa ziada unaishia kuwa mvuke. Ndiyo maana maharage ya mlimani yanakula kuni nyingi, na ndiyo maana ya kufunika sufuria, au ya ile sufuria ya presha inayozuia mvuke usitoke ili joto lipande.

Ili aamini, tulichukua bomba la sindano la duka la dawa, lisilo na sindano. Tukavuta maji kidogo ya moto, ya kuvumilika mkononi, tukatoa hewa yote, akaziba tundu kwa kidole, akavuta mpini kwa nguvu. Maji yakaanza kutoa mapovu na kuchemka, mbali na moto! Alipoachia mpini, yakatulia. Alirudia mara nyingi hadi bibi yake akamwambia atamaliza maji ya chai. Kisha akakaa kimya, akauliza: "Kwa hiyo, mjomba, juu kabisa angani maji yanaweza kuchemka yenyewe?" Swali hilo halikuwa kwenye daftari lake. Nikajua mtoto huyu sayansi anaiweza.

Siku iliyofuata tuliendelea na vitu vya sokoni. Cha kwanza magadi, haya ambayo mama zetu wanalainishia maharage na makande. Weka kijiko cha magadi yaliyosagwa kwenye puto, mimina siki au maji ya limao kwenye chupa ya soda, vika puto kwenye mdomo wa chupa, kisha liinue ili magadi yaanguke. Povu linapanda na puto linajaa lenyewe. Iliyomo ni hewa ukaa. Ukifanya hivyo hivyo kwenye jagi, ukasubiri povu litulie, kisha ukaliinamisha taratibu juu ya mshumaa kama unayemimina maji, mshumaa unazimika ingawa hakuna kilichoonekana kumiminika. Hapo mtoto anaelewa mara moja kwamba hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida na kwamba moto hauishi ndani yake.

Na magadi haya yana historia yetu. Wilaya ya Ngorongoro ina Oldoinyo Lengai, volkano pekee duniani ambayo katika zama zetu imekuwa ikitoa lava ya kabonati yenye sodiamu, na chini yake kuna Ziwa Natron. Watalii wanavuka bahari kuja kuutazama mlima huo. Mtoto wa kidato cha pili aliye karibu nao anakariri fomula ya sodiamu kabonati kama kitu cha Ulaya, wakati kiko kwenye kibuyu cha bibi yake.

Cha pili, vitunguu vyekundu vya Mang'ola, ambavyo masoko mengi yanavijua. Chukua maganda yale ya nje tunayoyatupa, yachemshe dakika kumi, chuja. Gawa maji hayo kwenye glasi tatu. Moja tia limao: yanakuwa mekundu. Nyingine tia magadi: yanageuka kijani kibichi chenye umanjano. Ya tatu iache ili kulinganisha. Mtoto akishaona hivyo, mpe maji ya sabuni, maziwa mgando, maji ya kisima, majivu yaliyolowekwa, abashiri kwanza na kuandika, ndipo apime. Kubashiri na kuandika kabla ya kupima ndiko kunakotenganisha jaribio na mazingaombwe.

Nyumbani kwetu walimu wa mambo haya wapo siku zote. Wahadzabe huwasha moto kwa kupekecha kijiti. Hiyo ni nguvu ya msuguano inayogeuka joto. Wahunzi wa Kidatoga kule Eyasi huyeyusha vipande vya makufuli na bomba kuukuu kwa mkaa na mivukuto ya ngozi, wakatengeneza bangili. Mwalimu anayefundisha kiwango cha kuyeyuka kwa metali anaweza kuwaalika darasani mchana mmoja.

Ndugu wanachama, kuna atakayesema haya ni michezo ya jikoni. Namkumbusha Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, unaweka kwenye jokofu. Siku moja nafasi ilikuwa inakwisha, akaweka maziwa yake yakiwa moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyokuwa hayajachemshwa. Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akafanyiwa utani na kuambiwa hiyo ni fizikia ya kwake mwenyewe. Hakunyamaza. Siku Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipotembelea shule, Mpemba alisimama na kuuliza, wenzake wakicheka. Osborne hakucheka, alirudi chuoni, akaagiza jaribio lifanywe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja, na duniani kote jambo hilo linaitwa athari ya Mpemba. Hadi leo wanasayansi wanabishana kuhusu sababu yake, na wapo wanaotilia shaka kama linatokea kila mara. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilipoitisha maelezo bora, kilipokea majibu zaidi ya 22,000.

Mpemba mwenyewe alikwenda Chuo cha Wanyamapori Mweka, akawa afisa wa wanyamapori. Alichokuwa nacho ni maziwa, jokofu, na ukaidi wa kuamini macho yake. Ni mara ngapi katika shule zetu mtoto ameuliza hivyo akaambiwa akae chini?

Sasa nirudi kwenye hesabu. Mwaka 2014 wengi wetu tulichangia ujenzi wa maabara, kufuatia agizo kwamba kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu. Kuta zilisimama, na nawashukuru. Lakini ziko shule ambako chumba kilichoitwa maabara kinatumika kama darasa, kwa kuwa vifaa havikufika. Ukuta unaonekana na unawekwa jiwe la msingi. Bureti haiwekwi jiwe la msingi.

Siombi tuache maabara. Mtihani wa taifa wa vitendo unahitaji bureti, pipeti na kemikali halisi, na maganda ya vitunguu hayatoshi. Naomba tusiwaache watoto wasubiri miaka mingine kabla ya kushika chochote. Nilinunua vifaa vya sanduku la kwanza mwenyewe, na risiti ninazo. Kipimajoto shilingi 12,000; karatasi za litmasi 8,000; mabomba kumi ya sindano 3,000; mishumaa na kiberiti 2,500; siki 2,500; maputo 2,000; betri, balbu ndogo na nyaya 9,000; sumaku mbili 5,000; ndoo yenye mfuniko ya kuhifadhia 10,000. Jumla ni shilingi 54,000. Magadi, malimao na vitunguu watoto wataleta wenyewe.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mwanachama anayeweza adhamini sanduku moja kwa shule aliyosoma au iliyo karibu na kwao, na wasioweza waungane wawili au watatu. Pili, sanduku lisipelekwe bila mafunzo: walimu wakutane Jumamosi moja Karatu na nyingine upande wa Ngorongoro, wafanye kila jaribio kwa mikono yao, pamoja na kanuni za usalama, kwa maana moto ni moto, na nywele ndefu na mshumaa havikai pamoja. Tatu, na hili ndilo ninalolishikilia kama mhasibu, sanduku lisifungiwe kabatini kwa kuogopa ukaguzi. Puto likipasuka liandikwe limetumika. Mwakani nitakuja hapa kusoma taarifa, na sitafurahi nikiona vifaa vyote viko vizima. Kipimajoto kilichovunjika mikononi mwa mtoto aliyekuwa anapima kina faida kuliko kilichodumu miaka kumi ndani ya boksi.

Namalizia na yule binti. Mwezi uliopita alinipigia simu. Alikuwa amemwomba mwalimu wake ruhusa, akapeleka darasani bomba la sindano na chupa ya chai yenye maji ya moto. Darasa ni kubwa na bomba lilikuwa moja, kwa hiyo waliokaa nyuma hawakuona kitu. Akaniuliza, "Mjomba, unaweza kuleta mengine tisa?"

Mabomba kumi ni shilingi elfu tatu. Mimi nimeshatoa. Bahasha zinapita kati yenu sasa hivi.