Kuwaka Si Kupona



Mwezi wa Machi 2020, ibada zilipositishwa nchini kwa ajili ya korona, tuliifungia pikipiki ya parishi katika stoo ya kanisa, hapa Homa Bay. Ibada zilirudi, pikipiki haikutoka. Ilikaa miaka mitatu.

Kule Migori alikuwako mzee mmoja, mwenzetu wa siku nyingi katika kazi ya Bwana. Tulikuwa tumekosana naye juu ya hesabu ya michango, tukamtolea maneno makali mbele ya watu. Akahama bila kuaga. Kila tulipoulizwa mbona hatumwendei, jibu letu lilikuwa, "Pikipiki ni mbovu." Lakini matatu za kwenda Rongo zipo kila siku, na kutoka Rongo ziko za Migori. Nauli tulikuwa nayo. Kilichopungua ni moyo.

Ndipo tukasikia kwamba mzee anaugua. Tukaitoa pikipiki, tukaipiga teke mpaka jasho likatutoka. Kimya. Tukamwita fundi.

"Mchungaji, msiipige tena," akasema. "Mtaiumiza."

Akamwaga petroli ya zamani. Ilinuka vibaya, na ndani ya kabureta ilikuwa imeganda kama gundi, vitundu vyote vimezibwa. Tangi lilikuwa na kutu. Betri imekufa. Tairi zimepasuka-pasuka kama tope la kiangazi. Penye chujio la hewa panya amezalia. Akang'oa plagi, akatia matone ya oili, akaizungusha injini polepole, maana ilikuwa kavu. Sisi tulidhani tumeitunza. Kumbe tuliitupa tu mahali penye paa.

Jioni ikanguruma! Tukashangilia, tukashika kofia tuondoke. Fundi akachomoa ufunguo.

"Mchungaji, kuwaka si kupona. Ukifika Awendo, trekta la miwa likikuingilia barabarani, utasimama na nini?"

Akafungua magurudumu. Breki zilikuwa zimeshikwa na kutu. Ilichukua siku mbili zaidi kutengeneza breki, kubadilisha tairi na kulipia bima iliyokwisha.

Siku mbili hizo Bwana alitufundisha. Njiani tungemwendea mzee na hotuba tayari ya kujitetea, hesabu kwa hesabu. Injini tulikuwa nayo. Ulimi wetu haukuwa na breki. Katika Mathayo 5:23–24 Bwana anatuagiza kupatana na ndugu kwanza, ndipo tutoe sadaka. Sisi tulikuwa tumehudumu madhabahuni miaka mitatu, tukinguruma kila Jumapili, na ndugu yetu yuko Migori.

Tulimkuta ameketi nje, amejifunika blanketi. Akaanza habari ya ile michango. Jibu likatufika mdomoni. Tukalizuia. Tukasema, "Mzee, tulikukosea. Tunaomba utusamehe."

Akanyamaza kitambo, kisha akaita ndani chai iletwe. Akasema, "Mchungaji, miaka hii yote, kila pikipiki iliyopita hapo barabarani niliisikiliza, kama itasimama."

Ndugu msikilizaji, ni nani anayesikiliza barabara kwa ajili yako? Upendo uliowekwa stoo haukai ulivyo, unaganda. Usiridhike kwamba ungali unaimba na kuomba kwa sauti kuu. Mwache Bwana afungue mpaka ndani, penye kutu. Na kama pikipiki yako ni mbovu kweli, panda matatu.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe sababu zetu nyingi. Safisha yaliyoganda ndani yetu, uzuie ndimi zetu, utupeleke kwa ndugu zetu wangali hai. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.