Wakili Anamteteaje Mwizi?

(Hotuba ya mwanachama mwenzetu ambaye ni wakili, mbele ya wanachama na wanafunzi)



Kamati imenipa dakika kumi nieleze kazi ya uwakili. Swali ninaloulizwa mno, msibani, harusini na hata ndani ya basi, ni moja: "Wewe unamteteaje mwizi?"

Kwanza, hilo neno mwizi. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitishwa. Haki hiyo iliingizwa mwaka 1984. Basi anayefika ofisini kwangu ni mshtakiwa. Mwizi ni jina ambalo mahakama itampa, au haitampa. Wa kuthibitisha ni Jamhuri, wala si yeye, na uthibitisho wenyewe usiache shaka ya maana. Katika kesi ya madai, kama vile deni au mpaka wa shamba, hakimu hutazama tu ushahidi wa upande upi una uzito zaidi. Ndiyo sababu mtu aweza kuachiwa kwa shtaka la wizi, kisha akashindwa anapodaiwa mali ile ile. Mtaani watasema hakimu kala rushwa. Pengine, lakini mara nyingi ni mizani mbili tofauti.

"Je, akikwambia kwa kinywa chake kwamba kaiba?" Hapo ndipo kazi inapouma. Siri hiyo siitoi: si kwa polisi, si kwa mke wangu, si hata kesi ikiisha. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inailinda, maana mteja anayemficha wakili wake hawezi kutetewa. Ila akija kutaka nimsaidie kughushi hati ya kiwanja, hiyo ni njama, na sheria haiilindi. Huyu anayeungama aliyokwisha kutenda, bado naweza kusimama na kumhoji shahidi: uliona kwa taa gani? Ulikuwa umbali gani? Nisichoweza ni kumpandisha kizimbani aape kwamba usiku ule alikuwa Morogoro, nami najua alikuwa dirishani kwa watu. Wakili ni ofisa wa mahakama pia. Mteja akishikilia uongo huo, najitoa katika kesi, na sababu sisemi. Wako wenzetu wafanyao vinginevyo, nao wanatuchafua sote.

Wadogo zangu, suala la dhamana litawafikia mapema kuliko mnavyodhani. Dhamana si faini, wala kupewa dhamana si kushinda kesi. Ni ahadi ya kurudi mahakamani. Kwa mashtaka kama kuua kwa kukusudia au unyang'anyi wa kutumia silaha haitolewi. Siku rafiki atakapokwambia "tia saini tu, ni jambo dogo", soma kwanza kiasi kilichoandikwa. Akitoroka, mahakama inaweza kukuamuru ulipe wewe, na ukishindwa mali yako ikakamatwa. Nimeona mtu akilia kwa ng'ombe za baba yake kwa sababu ya saini ya namna hiyo.

Mkimlipa wakili, daini risiti. Akila fedha zenu, mlalamikieni kwenye Kamati ya Mawakili. Inaweza kumsimamisha au kulifuta jina lake. Asiye na uwezo wa kulipa aulize habari za Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na asingoje siku ya hukumu. Tena tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, hivyo hati ya mashtaka isomeni wenyewe, neno kwa neno, kabla ya kujibu lolote.

Ndugu Mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali niulizeni kwenye chai; leo sitozi kitu.