Tindikali na Maji: Kipi Hutangulia?

Leo nitanena juu ya jambo dogo lenye hatari kubwa, nalo ni kuchanganya tindikali na maji.

Bomang'ombe ni mji ulio njiani baina ya Moshi na Arusha. Malori na mabasi hupita, na palipo na magari hapakosi betri. Kadhalika ziko betri zinazotunza umeme wa jua majumbani. Betri za risasi hutumia tindikali ya salfuriki iliyotiwa maji.

Tindikali hiyo isipotiwa maji ni nzito mno: lita moja ina uzito wa kilo 1.84 hivi, hali lita ya maji ni kilo 1 tu. Tena ikutanapo na maji hutoa joto jingi, ijapokuwa hakuna moto uliowashwa.

Basi fikirini. Mtu akimimina maji juu ya tindikali, maji hukaa juu kwa wepesi wake. Joto hukusanyika pale vinapogusana; maji hayo machache huchemka ghafula, yakageuka mvuke na kurusha tindikali usoni. Ni kama tone la maji liangukapo katika mafuta ya moto ya kukaangia maandazi. Lakini tindikali huunguza kwa joto na kwa ukali wake pia, na jicho laweza kupofuka.

Lakini akitangulia kuweka maji, kisha akatia tindikali kidogo kidogo huku akikoroga, tindikali huzama na joto huenea katika maji yote. Kwa hiyo shikeni kanuni hii: maji kwanza, tindikali baadaye. Chombo kiwe cha kioo kisichopasuka kwa joto, au cha plastiki ngumu. Sufuria ya alumini haifai, maana tindikali huila. Tena vaeni miwani na glavu.

Pengine mtauliza, "Mbona fundi huongeza maji katika betri wala hairipuki?" Ni kwa sababu tindikali ya betri imekwisha changanywa, katika kila kilo 3, kama kilo 2 ni maji. Joto lake kubwa limekwisha toka.

Swali jingine: tindikali ikimrukia mtu, je, tuogope kumwagia maji? La, hasha! Mwagieni maji mengi yanayotiririka mara moja, kwa muda wa dakika 20 au zaidi, mkimvua nguo zilizolowa. Maji machache huchemka. Maji mengi huchukua joto na tindikali pamoja. Kisha apelekwe hospitali upesi. Iliyomwagika sakafuni, inyunyizieni magadi mpaka povu likome.

Mwisho, msiweke tindikali kamwe katika chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hajui kusoma harufu wala hatari.