Kumjibu Mtunzi Mwenzetu

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo litokealo mara nyingi barazani na madarasani: mtu akisomewa shairi la mwenziwe, na ajibu nini?

Twaona ziko njia mbili zisizofaa, nazo zina wafuasi wengi. Ya kwanza ni kulivunja shairi. Msikilizaji hucheka, akasema, "Hili si shairi," kisha huenda zake asieleze kosa li wapi. Ya pili hufanana na adabu, lakini si adabu. Mtu husifu shairi, na papo hapo hujitweza: "Mimi si kitu mbele yako, afadhali niiache kalamu." Njia ya kwanza humnyamazisha mtunzi. Ya pili humnyamazisha msikilizaji. Na mtunzi naye, badala ya kupata habari za shairi lake, hulazimika kumbembeleza aliyekuja kumsikiliza.

Washairi wa pwani walikuwa na desturi iliyo bora, nayo ni kujibizana. Mmoja akitoa shairi, mwenziwe hulijibu kwa shairi, na mara nyingi hufuata vina vile vile na mizani ile ile. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Lamu zilipokuwa na uadui, washairi wa miji hiyo walirushiana maneno makali. Hata hivyo, ajibuye kwa vina vya mwenziwe amekwisha kuonyesha kwamba amemsikiliza sana. Wala hawezi kujiita si kitu, maana amesimama kujibu.

Katika washairi wa zama hizo mwenye sifa kubwa ni Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840. Mashairi yake mengi yalibaki vinywani mwa watu, nayo yangaliweza kupotea. Miaka mingi baadaye yalikusanywa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, ambaye naye alikuwa mshairi, akishirikiana na Mwingereza W. E. Taylor. Mwalimu huyo alifariki mwaka 1890. Diwani ya Muyaka ikapigwa chapa mwaka 1940. Tufikiri basi: asiyejua utunzi angaliwezaje kuyapambanua na kuyaeleza maneno ya Muyaka? Ujuzi wa mshairi mmoja ndio uliookoa kazi ya mwingine. Kuudharau ujuzi wetu si unyenyekevu; ni kuwanyima wenzetu msaada.

Sasa, tufanyeje? Kwanza, tutaje tulilolisikia: neno lililotugusa, au kina kilichokaa vizuri. Pili, tukiona kosa, tulionyeshe mahali pake. Kumwambia mtu, "Hujui kutunga," hakumfundishi lolote. Lakini tukimwambia, "Mshororo wako wa tatu una mizani 15, na mingine ina 16," atauhesabu kwa vidole, aone mwenyewe, autengeneze usiku ule ule. Tatu, shairi lake likiwa bora kuliko letu, tumwulize amelipataje, kisha twende tukatunge letu. Wahenga wamesema, "Usisafirie nyota ya mwenzio."

Huenda mtu akatukumbusha kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ni kweli, lakini mgema huyo alisifiwa yeye, halikusifiwa tembo. Tukilitaja jambo lenyewe lililo jema katika kazi, mtunzi hupata la kushika, wala hapati la kujivunia bure.

Kijana aliyechekwa mara moja aweza kukaa kimya maisha yake yote, na aliyejitweza mara nyingi mwisho hujisadiki. Hivyo ndivyo kijiji kinavyopoteza washairi wawili kwa shairi moja. Basi atakaposimama mtu kutusomea alilolitunga, tumsikilize mpaka mwisho, tumwambie kweli kwa upole, nasi tuwe na letu la kumjibu.