Haraka Yenye Baraka: Kuchagua Shahada ya Uuguzi ya Muda Mfupi

Hotuba ya muuguzi mwanachama wa Jumuiya yetu, aliyoitoa kwenye semina ya elimu iliyotangulia sherehe za Uhuru

Vijana mliokaa nyuma na simu zenu, nawaona. Sogeeni mbele, haya yanawahusu.

Kamati imeniomba nijibu swali ambalo huulizwa kila tunapokutana, iwe msibani, harusini au kwenye foleni ya pilau: "Dada, nataka kusomea uuguzi, lakini miaka minne ya darasani sina tena. Ile kozi ya mwaka mmoja naipataje?"

Kozi hiyo ipo. Hapa Marekani vyuo vingi vina shahada ya uuguzi ya muda mfupi kwa mtu ambaye tayari ana shahada ya kwanza ya fani nyingine. Huchukua kati ya miezi 11 na 18. Ukimaliza unafanya mtihani wa leseni uitwao NCLEX-RN, uleule anaofanya aliyesoma miaka minne. Na katika ukumbi huu wamo watu wenye shahada za biashara, ualimu na kilimo walizozihifadhi chini ya sanduku huku wakipiga boksi usiku kucha. Ndugu zangu, shahada hiyo ina kazi. Itoeni sandukuni.

Lakini jioni hii sikuja kuwahimiza mkimbie. Kozi yenyewe ina haraka ya kutosha. Wewe unapoichagua, nenda polepole. Nayasema haya kwa sababu mimi nilikimbia.

Nilifika hapa nikiwa na shahada ya biashara kutoka Dar es Salaam. Nikafanya kazi ya CNA, kuwalea wazee, zamu ya usiku. Siku moja nikaona tangazo la shule ya uuguzi: hakuna masomo ya awali, anza mwezi ujao. Nikalipa akiba yangu yote. Baada ya muhula mmoja nikagundua kwamba shule haikuwa na ithibati, na hakuna chuo kingine kilichokubali hata somo moja nililofaulu pale. Pesa ilipotea. Kilichouma zaidi ni kwamba nilikaa miaka mitatu nikiona aibu kujaribu tena.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa hata dola moja, angalia mambo matatu. Kwanza, je, Bodi ya Uuguzi ya jimbo lako imeiidhinisha shule hiyo? Usiamini tangazo, fungua orodha ya Bodi yenyewe. Pili, je, kozi ina ithibati ya CCNE au ACEN? Bila ithibati, milango mingi ya ajira na ya shahada ya uzamili hufungwa. Tatu, wahitimu wangapi hufaulu NCLEX kwa mara ya kwanza? Takwimu hizo Bodi huzitoa hadharani, shule kwa shule. Ukiona ufaulu uko chini ya asilimia 80, uliza sababu kabla hujaendelea.

Na anayekuahidi cheti bila kukanyaga wodini, mkimbie. Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya watu 25 kwa kuhusika na vyeti bandia vya uuguzi kutoka shule tatu za Florida. Vyeti vyenyewe vilizidi 7,600. Njia ya mkato ya namna hiyo humfikisha mtu mahakamani, na kabla ya hapo humfikisha kwenye kitanda cha mgonjwa asiyejua kumhudumia.

Sasa tuje kwenye maombi. Aliyesoma nyumbani anahitaji shahada yake itathminiwe na shirika kama WES au ECE. Omba tathmini ya somo kwa somo, yenye GPA. Ile ya jumla ni ya bei nafuu, lakini vyuo vingi havitaitosheka, na utalipa mara mbili. Chuo chako cha nyumbani hutakiwa kutuma matokeo yako chenyewe, na hilo linaweza kula miezi. Anza mapema, na mtafute ndugu aliye karibu na chuo awe anafuatilia.

Kisha kuna masomo ya awali: anatomia na fiziolojia sehemu zote mbili, mikrobiolojia, kemia, takwimu, na mara nyingi saikolojia ya makuzi na lishe. Mwenye shahada ya biashara kama mimi huenda ana takwimu tu. Mengine yasome kwenye chuo cha jamii, ambako ada ni ndogo, somo moja au mawili kwa muhula, huku ukiendelea na kazi. Mimi ilinichukua karibu miaka miwili. Vyuo vingi havikubali masomo ya sayansi yaliyopita miaka mitano au saba, kwa hiyo uliza kabla ya kuhesabu uliyosoma zamani. Vingi pia hutaka GPA ya 3.0. Anatomia usiifanye kwa kulipua, maana alama hiyo ndiyo wanayoitazama kwanza.

Kuhusu pesa, sikilizeni vizuri. Msaada wa serikali uitwao Pell Grant hutolewa kwa asiye na shahada ya kwanza. Shahada ya nyumbani inahesabika kuwa shahada, hivyo hutaupata. Raia, wenye grini kadi na waliopewa hifadhi ya ukimbizi wanaweza kuomba mikopo ya serikali kwa kujaza FAFSA. Mwenye viza ya mwanafunzi hawezi. Upo pia ufadhili wa Nurse Corps kwa raia na wenye grini kadi, ambao hulipa ada nawe unakubali kufanya kazi angalau miaka miwili mahali penye uhaba wa wauguzi. Wanaoomba ni wengi, lakini jaribu.

Kama hesabu haikubali, shahada ya miaka miwili ya chuo cha jamii inakufikisha kwenye NCLEX ileile, na digrii utaimalizia baadaye ukiwa kazini. Na kama tayari ulikuwa muuguzi mwenye leseni nyumbani, usianze upya kabla hujaiuliza Bodi ya jimbo namna ya kutathmini masomo yako ya uuguzi. Nimewaona wakunga wazoefu wakirudia darasa ambalo hawakulihitaji.

Sasa niseme na familia. Katika miezi ile 16 sikuweza kufanya kazi. Mitihani ilikuwa kila wiki, na siku mbili za wiki nilikuwa wodini saa 12. Kabla ya kuanza tulikaa mezani, mimi na mume wangu, tukaandika kodi, chakula na nani atamchukua mtoto shule. Kisha nikampigia simu mama Muheza, simu niliyoiogopa kuliko mtihani wowote. Nikamwambia, "Mama, kwa mwaka mmoja na nusu sitaweza kutuma kama kawaida." Alinyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, kwani ulidhani sisi tunakula pesa yako tu? Soma."

Wengi wetu hatufeli kwa kukosa akili. Tunafeli kwa sababu tumeficha. Tunajiandikisha kimyakimya, tunabaki na zamu za usiku na ovataimu, tunachangia kila harusi kwenye WhatsApp, mwishowe tunalala darasani. Waambieni watu wenu mapema. Na ninyi ndugu mkiambiwa, msimwite mtu mchoyo. Mpikieni, mchukulieni mtoto Jumamosi. Huo nao ni mchango.

Vijana, wazazi wasiwachagulie uuguzi kwa sababu ya mshahara tu. Nendeni kwanza mkamwogeshe mzee asiyeweza kusimama. Ukitoka pale bado unataka kurudi kesho, njoo tuzungumze.

Wazee wetu walipopata Uhuru mwaka 1961 walikuwa na kaulimbiu: Uhuru na Kazi. Walijua bendera peke yake haitoshi. Nasi cheti cha haraka peke yake hakitoshi. Mwenye swali, nitakuwa pale karibu na meza ya chai, na aliye na shahada yake sandukuni aje nayo wiki ijayo, tukae tuisome pamoja.

Heri ya Sikukuu ya Uhuru.