Buluu Kwenye Ekzosi



Hapa Rau mmeziona pikipiki zenye ekzosi ya kromu iliyogeuka njano, zambarau, kisha buluu. Huo si uchafu. Kromu ikipata moto mkali huungana na oksijeni ya hewa, ikafanya utando mwembamba. Utando ukinenepa, rangi hubadilika.

Buluu kidogo karibu na injini ni kawaida. Ikienea, msiisugue tu. Huenda gasketi inavuta hewa, kabureta inabana petroli, au cheche inachelewa. Wala msisingizie mlima: tukipanda kwenda Uru hewa hupungua, petroli ikazidi. Anayeng'arisha bomba na kuacha chanzo ataunguza pistoni, na pistoni hiyo ndiyo ada ya mwanawe.